Mume wangu amejaza madumu ya petroli stoo, nami bei ya mafuta imenishinda

Shikamoo Mama,

Nakusoma siku nyingi, leo nimeona nami niandike, maana nyumbani kwangu mafuta yamegeuka ugomvi.

Naishi Kibamba na mume wangu na watoto wetu wawili. Kazi yangu iko Kariakoo, nashika hesabu kwenye duka la jumla la vitenge. Kwa muda mrefu nilipanda daladala mpaka Kimara, halafu mwendokasi mpaka mjini. Aliyewahi kusimama Kimara asubuhi anajua ninachosema. Unabanwa mpaka pumzi inakata, pochi unaishika kwa mikono miwili, na ukifika kazini umeshachoka kabla ya kazi. Mwaka juzi nikakopa SACCOS nikanunua gari dogo, Toyota IST. Mkopo bado naulipa.

Zamani nikiweka mafuta ya elfu hamsini Jumatatu, yananifikisha Ijumaa na Jumapili kanisani. Sasa Alhamisi jioni taa ya mafuta inawaka. Kila inapofika Jumatano ya kwanza ya mwezi naogopa hata kufungua simu, maana makundi yote ya WhatsApp yanaongea bei mpya ya EWURA, mamlaka inayosimamia bei ya mafuta. Nyanya zimepanda, mchele umepanda, na mwanangu wa kwanza anayesoma kidato cha pili analalamika kwamba konda anamdai mia zaidi akisema mafuta yamepanda.

Halafu kuna majirani. Wapo watatu, wote wanafanya kazi mjini, na kila asubuhi nawakuta getini wananisubiri. Mmoja ni dada mtulivu, siku mojamoja ananiletea maandazi. Wa pili ni mama tunayesali naye jumuiya moja, na baba yangu alipofariki ndiye aliyesimamia jiko lote la msiba, kwa hiyo nashindwa kufungua mdomo. Wa tatu ni mzee wa makamo ambaye ana Noah yake, ila ameipaki nyumbani. Anasema mafuta ghali. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza, "Leo umeweka ya shilingi ngapi?"

Mume wangu ni seremala, karakana yake iko hapahapa mtaani. Mwezi huu alisikia bei itapanda, Jumanne usiku akabeba madumu manne ya lita ishirini, akarudi nayo yamejaa. Kayaweka stoo, na stoo yetu imepakana ukuta na jiko. Nyumba inanuka petroli. Mtoto wangu mdogo wa miaka sita anasema kichwa kinamuuma. Nikisema neno, mume ananijibu kwamba yeye anatafuta nafuu na mimi natafuta maneno, na kwamba kama nimechoka tufunge gari gesi, la sivyo tuliuze.

Kuna pia kijana hapa mtaani anauza petroli usiku kwenye madumu, kila lita shilingi mia tano chini ya kituoni. Wanasema anapata kwa watu wa malori. Nimeshawishika sana, maana mwezi uliopita kwenye kituo kimoja niliweka ya elfu hamsini na mshale haukupanda kama ulivyozoea. Nilipoomba risiti, kijana wa pampu akasema mashine mbovu.

Mama, niuze gari? Nifunge gesi? Na hawa majirani niwaambieje bila kuvunja ujirani?

Mama Wawili, Kibamba

*

Marahaba mwanangu,

Umeniuliza mambo mengi, na yote nitayajibu. Ila nianze na lile ambalo hukuliuliza. Madumu hayo manne yatoke ndani ya nyumba leo, kabla hujawasha jiko la jioni.

Harufu inayomuumiza mwanao kichwa ndiyo petroli yenyewe, imeshatoka kwenye dumu na inatembea. Petroli hutoa mvuke hata penye baridi, sembuse joto la Dar es Salaam. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu ukatokea dirishani. Unatambaa chini sakafuni, unapita chini ya mlango, unajikusanya kwenye pembe. Ukifika kwenye jiko la mkaa, kwenye kiberiti cha gesi au kwenye cheche ya swichi ya taa, moto hurudi kwa njia ileile mpaka kwenye dumu. Na dumu la plastiki la maji halikutengenezwa kwa petroli: mfuniko wake haubani mvuke, na plastiki yenyewe hujenga umeme tuli unapomimina.

Watanzania tumeshalipia somo hili kwa uchungu. Agosti 10, 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli kwa madumu na ndoo. Moto ulipowaka, waliofariki walizidi 100. Wale walikuwa nje, penye hewa. Nyie mna lita 80 ndani ya chumba, na ng'ambo ya ukuta kuna jiko.

Sasa tuitazame hiyo nafuu aliyoitafuta mumeo. Tuseme bei imepanda kwa shilingi 100 kila lita. Mara lita 80, ni shilingi 8,000. Hata ingepanda 200, ni 16,000. Watoto wako wanalala jirani na madumu manne ya petroli kwa ajili ya elfu nane.

Usimwendee kwa lawama. Ametoka usiku kuhangaikia familia yake, na hilo lazima lisemwe kwanza. Mwambie, "Baba, najua umefanya hivi kwa ajili yetu, na nashukuru. Ila mtoto kichwa kinamuuma, na faida yake ni elfu nane. Naomba tuyatoe." Kisha yatoeni pamoja mchana, watoto wakiwa kwa jirani, moto wote umezimwa, simu na sigara mbali. Yakae nje mahali pa wazi penye kivuli, mbali na nyumba na karakana, maana kwa seremala kuna vumbi la mbao na mashine zenye cheche. Mimina kwenye tangi la gari kwa faneli, gari limezimwa na injini imepoa, kadiri linavyopokea, siku baada ya siku mpaka yaishe. Yasimwagwe mtaroni wala chooni, kwa sababu mvuke utaibukia kwa mtu mwingine. Stoo iachwe wazi ipigwe na upepo, na jiko lisiwashwe mpaka harufu iishe kabisa.

Yule kijana wa usiku mwache. Kuuza petroli bila leseni ya EWURA ni kosa kisheria, na kama kweli anayapata kwa watu wa malori, yameibwa kwa mtu. Tukiacha hilo, hujui ndani ya dumu kuna nini. Wenye umri wangu tunaukumbuka vizuri uchakachuaji, wakati mafuta ya taa yalipokuwa rahisi na watu wakiyachanganya kwenye dizeli na petroli. Ndiyo maana mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, yaani alama maalumu ya kuyatambua yakichanganywa, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ife. Petroli ya kituoni ina ulinzi huo. Ya kijana haina, na ukiua pampu ya mafuta ya IST yako hutakuwa na risiti wala wa kumdai. Mia tano unazookoa kwa lita zitaishia gereji.

Sasa hesabu. Wewe ni mtu wa hesabu, lakini katika barua yako nzima umeniambia unatumia pesa ngapi, hukuniambia kilomita moja inakugharimu shilingi ngapi. Bila namba hiyo huwezi kuamua chochote, si kuuza gari, si gesi, si majirani. Fanya hivi: nenda kituoni, jaza tangi mpaka bomba likate lenyewe, andika kilomita zilizo kwenye dashibodi. Endesha kama kawaida. Tangi likikaribia kwisha, rudi kituo kilekile, jaza tena mpaka likate, andika lita ulizoweka na kilomita mpya. Ukiwa umetembea kilomita 360 na umeweka lita 30, gari lako linakwenda kilomita 12 kwa lita.

Kwa maelezo yako ya elfu hamsini kuisha Alhamisi, nadhani upo karibu na hapo. Nitumie bei ya shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi, wewe weka bei ya mwezi wako. 3,000 gawanya kwa 12 ni shilingi 250 kwa kilomita. Kwenda na kurudi Kariakoo tuseme kilomita 50, ni 12,500 kwa siku, 62,500 kwa wiki ya kazi, na kama 275,000 kwa mwezi wa siku 22. Namba hiyo iandike ukutani, mumeo aione.

Ukishaijua, mambo mengi yanajibu yenyewe. Utasikia kituo fulani mbele huko kinauza shilingi 20 chini. Ni kweli inawezekana, maana bei ya EWURA ni bei kikomo, yaani mwisho wa juu, na kituo kinaruhusiwa kushuka chini yake. Ikiwa kiko njiani kwako, ingia hapo kila mara. Ikiwa ni kilomita tano nje ya njia, kwenda na kurudi umechoma 2,500 ili uokoe 600 kwenye lita 30. Utaambiwa pia ujaze alfajiri kwa sababu mafuta ya baridi ni mazito. Matangi ya vituo yamefukiwa ardhini, joto lake halibadiliki kwa jua la asubuhi na mchana, kwa hiyo usijisumbue. Na kama kuna mtu amekufundisha kuweka gia huru kwenye mteremko, ile madereva wanayoiita frii, acha leo. Injini ya IST hupuliziwa mafuta na sindano zinazoongozwa kwa umeme. Ukiachia pedali ya mafuta gari likiwa kwenye gia, sindano zinakata mafuta zenyewe. Ukiweka frii, injini inabaki inanyonya ili isizime, na breki zinabeba mzigo wote.

Kinachosaidia kweli ni upepo wa tairi, na kipimo chake kimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Angalia kila wiki asubuhi tairi zikiwa za baridi. Safisha filta ya hewa, maana vumbi la barabara zenu za ndani nalijua. Na pale barabara ilipopanuliwa Kimara mpaka Kibaha, ambapo kila mtu sasa anaona ni mahali pa kukimbilia, mguu uwe mwepesi. Gari dogo kwenye mwendo wa 80 linakula kidogo kuliko kwenye 100, na tofauti ya muda mpaka Kimara haifiki hata dakika tano.

Hayo yote yakifanyika vizuri yatakupunguzia sehemu ndogo tu ya gharama. Nafuu kubwa imekaa kwenye viti vitatu vya gari lako.

Majirani zako si wabaya. Hawajui. Mtu ambaye hajawahi kumiliki gari anadhani gari linakwenda Kariakoo hata asipopanda, kwa hiyo yeye hana gharama. Yule mwenye Noah anajua vizuri sana, na tutamfikia. Lakini ulipoanza kuwapakia hukusema kitu, siku zikapita, na kimya chako wamekichukua kuwa ni ridhaa. Anayepaswa kukivunja ni wewe.

Usilisemee garini asubuhi. Ndani ya gari mtu hana pa kukimbilia, ataona amefedheheshwa mbele ya wenzake. Waalike nyumbani Jumamosi au Jumapili jioni, chai iwepo, mumeo awepo, na karatasi ya hesabu iwe mezani. Sema hivi, kwa maneno yako: "Jamani, napenda tunavyosafiri pamoja na nataka tuendelee. Mafuta yamepanda, na safari yetu ya wiki sasa ni 62,500. Peke yangu imenishinda. Naomba kila mmoja achangie elfu kumi kwa wiki, tulipe Jumapili jioni ili Jumatatu niweke mafuta." Halafu nyamaza. Usianze kujitetea wala kupunguza kabla hawajajibu.

Elfu kumi kwa wiki ni elfu mbili kwa siku, kwenda na kurudi, mtu amekaa kitini toka getini kwake mpaka Kariakoo. Kwa daladala na mwendokasi hawatapata pungufu ya maana, na bado watabanwa pale Kimara. Watatu ni elfu thelathini, karibu nusu ya mafuta yako. Nawe unabaki na sehemu kubwa kuliko wao, jambo ambalo ni haki, kwa sababu gari ni lako.

Yule mama wa jumuiya umemwogopa kwa sababu ya msiba. Mwanangu, aliyesimama kwenye jiko la msiba wa baba yako ndiye wa kwanza kuelewa unapomwambia umezidiwa. Mwendee kabla ya kikao, peke yenu, umweleze. Ukimshirikisha mapema, kwenye kikao atakuwa upande wako. Kama kwake elfu kumi ni nzito kweli, atoe anachoweza, na mkubaliane ninyi wawili. Wema wake kwenye msiba ulikuwa wa hiari, na wako pia uwe wa hiari. Sasa hivi si wa hiari, ndiyo maana unakuumiza.

Mwenye Noah asipewe chaguo la kuchangia tu. Mwombe zamu. Wiki yako IST, wiki yake Noah, au siku zako tatu na zake mbili. Noah inakula mafuta zaidi, kwa hiyo siku za zamu yake ninyi wengine mnaweza kumchangia kidogo zaidi, na hesabu yake ifanywe kwa njia ileile ya kujaza tangi. Akikataa zamu na kukataa mchango, basi Jumatatu amepata jibu lake, na kiti chake kuna mtu mwingine mtaani anakihitaji.

Mpaka mmoja usiuvuke. Hawa ni watu mnaofahamiana, mnagawana gharama ya safari unayoifanya hata hivyo. Usije ukasimama kituoni Mbezi kuita abiria ili ujazie pengo. Gari lako halina leseni ya kubeba abiria kutoka LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na bima yako haikuandikwa kwa kazi hiyo. Siku ya ajali ndipo utakapojua tofauti.

Kuhusu gesi, mumeo hajakosea kuitaja. Gesi asilia ni yetu, inatoka Songo Songo na Mtwara, na kwa muda mrefu imeuzwa Dar es Salaam karibu na shilingi 1,550 kwa kilo. Kilo moja ina nguvu ya petroli karibu lita moja na nusu kasoro. Kwa gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita, kilo ya gesi itakupeleka kama kilomita 16, yaani kama shilingi 100 kwa kilomita badala ya 250. Kwa kilomita zako 1,100 za kazi kwa mwezi, unaokoa kama 165,000. Kufunga mfumo kwenye gari dogo huwa kati ya milioni moja na nusu na milioni mbili na ushee, kwa kutegemea mtungi. Pesa hiyo itarudi kwa mwaka mmoja hivi, na baada ya hapo ni faida. Gari linabaki na petroli yake, unabadili kwa swichi.

Lakini zingatia mambo haya. Mtungi unakaa kwenye buti, na buti la IST ni dogo, kwa hiyo mzigo wa sokoni utakaa miguuni kwa abiria. Foleni za kujaza zimekuwa ndefu, magari yakiwa mengi kuliko vituo. Kituo mama, yaani kituo kikuu cha gesi, cha shirika la mafuta la taifa, TPDC, barabara ya Sam Nujoma kimeongeza nafasi, ila si njia yako ya moja kwa moja, kwa hiyo pita kwenye vituo saa zile unazorudi kazini uone kwa macho yako watu wanangoja muda gani. Fundi awe anayetambulika. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, wanafunga na wanafundisha kazi hii. Mtungi wa gari hubeba gesi kwa mgandamizo wa bar 200, kwa hiyo lazima uwe na cheti na upimwe kwa muda uliopangwa. Akitokea mtu wa kukufungia mtungi wa kupikia kwa bei ya chini, mfukuze. Ule ni wa gesi nyingine kabisa na haustahimili mgandamizo huo.

Na mkopo wa SACCOS? Usiweke mkopo juu ya mkopo. Maliza huo kwanza, huku michango ya majirani ikikupa pumzi, ndipo ufunge gesi kwa pesa yako.

Gari usiliuze mwezi huu. Uamuzi wa kuuza mali usifanywe ndani ya wiki ambayo bei imetangazwa. Agosti 2022, wakati dunia inahangaika na vita vya Urusi na Ukraine, petroli Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410 kwa lita, na mwezi uliofuata ikashuka mpaka 2,969. Aliyeuza gari Agosti kwa hasira aliliuza wakati wanunuzi nao wameogopa, akapata bei ya kutupa. Kaa miezi mitatu na hesabu yako ya kilomita, michango ikiwemo. Ikiwa bado gari linakula kuliko linavyokupa, mtaliuza kwa utulivu na kwa bei nzuri.

Nirudi kwenye kile kituo kilichokunyima risiti. Kuanzia leo, hakuna risiti, hakuna kurudi pale. Risiti ya mafuta lazima ioneshe jina la kituo, tarehe, aina ya mafuta na bei ya kila lita, na bei lazima ibandikwe kwenye bango linaloonekana barabarani. Kabla bomba halijaingia kwenye tangi, shuka garini uangalie pampu inasoma sifuri. Usikae kitini ukichati. Ukitaka kujua bei kikomo ya eneo lako, piga *152*00# ufuate maelekezo, huhitaji intaneti. Na ukihisi kipimo kimepunjwa, kazi ya kukagua pampu ni ya Wakala wa Vipimo, WMA. Wana ndoo maalumu za kupimia na stika wanazobandika kwenye pampu iliyopita ukaguzi, itafute stika hiyo kwa macho. Mshale wa dashibodi peke yake hautoshi kuwa ushahidi, maana hubadilika hata gari likisimama kwenye kilima. Lita zilizoandikwa kwenye risiti na tangi unalolijua ndivyo vitakavyokusaidia. Malalamiko yapeleke EWURA au kwenye Baraza la watumiaji, EWURA CCC, na ambatanisha risiti.

Mwanao naye asilipe hiyo mia. Mafuta kupanda hakumpi konda ruhusa ya kupanga nauli yake. Nauli inapangwa na LATRA, na inabadilika kwa tangazo rasmi, kama ilivyokuwa Desemba 8, 2023, safari isiyozidi kilomita 10 ilipotoka 500 kwenda 600 kwa mtu mzima. Mwanafunzi ana nauli yake ya chini. Mfundishe aandike namba ya gari, njia na saa, nawe uripoti LATRA. Asigombane na konda yeye mwenyewe, ni mtoto.

Jambo la mwisho ni la uraia wako. Bei unayolipa ina bei ya soko la dunia, meli, dola, na pia kodi na tozo zetu wenyewe. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zinazosimamiwa na wakala wa TARURA, na mwaka 2023 ikaongezwa nyingine 100 kwa miradi ya kimkakati. Mei 2022 wabunge waliposimama Dodoma kuhoji bei ya mafuta, mwezi uleule Serikali ilitangaza ruzuku ya shilingi bilioni 100, na Juni petroli ikashuka chini ya 3,000 hapa Dar es Salaam. Bunge la bajeti hukaa Aprili mpaka Juni. Kabla ya hapo mbunge wenu wa Kibamba huwa anarudi jimboni na kuitisha mikutano. Nenda na hao majirani watatu, mumuulize tozo ya barabara ya mwaka huu imetengeneza barabara gani kwenye mtaa wenu, na msiondoke mpaka awajibu.